Tuandike majina nyuma ya picha

Juma lililopita tuliomba kila mama alete mkutanoni picha moja ya zamani, ya wakati wa kambi ya kampani. Tulifikiri zitakuja kumi, labda kumi na mbili. Zilikuja nyingi hata meza ikakosa nafasi, tukatandika kikwembe chini. Nyingine zilitoka ndani ya Biblia, nyingine katika mfuko wa plastiki uliofungwa mafundo matatu, na mama mmoja alileta zake katika kopo la maziwa ya unga. Anasema humo panya hawaingii.

Kwa wale ambao hawakufika, tuwaelezee kidogo. Picha hizi karibu zote ni ndugu. Baba amesimama, mkono mmoja juu ya kinga, na redio imewekwa kwenye kiti ili nayo ionekane. Mama ameketi, kikwembe kipya, miguu pamoja, hacheki. Watoto wamepangwa kwa urefu na yule mdogo wa mwisho analia. Nyuma yao kuna ukuta uliopakwa chokaa, na mlango. Nyumba za kambi zilikuwa sawa zote, hata mama wawili walibishana juu ya picha moja, kila mmoja akisema ni mlango wa kwao. Aliyeshinda alishinda kwa sababu ya mwembe.

Tulicheka sana. Lakini tulipogeuza picha ili kuona nyuma, zaidi ya nusu hazikuwa na neno. Hakuna jina, hakuna mwaka. Tulianza kuuliza: huyu ni nani? "Huyu ni rafiki ya baba, alitoka posti moja naye." Jina lake? Mama ananyamaza. Huyu mtoto? "Ni wa jirani." Jirani gani? Pale pale mkutanoni tukaona kwamba mama wakongwe watatu tu ndio walioweza kutaja watu waliokuwa wazima miaka ya 1960, na mmoja kati yao macho yake hayaoni tena vizuri. Tulimweleza picha kwa maneno, yeye akatupa majina.

Kazi yetu ni kufundisha, kwa hiyo picha mbili tulizipeleka darasani, mwaka wa tano. Moja ni ya mzee mwenye kofia ngumu ya kazi, nyuma yake mabomba ya kiwanda. Mtoto mmoja, mwenye akili nyingi, aliinua mkono: "Madame, huyu nkambo alikuwa anauzisha madini yake ku nani?" Hakuwa anatania. Yeye amezaliwa akiona wachimbaji wenye mifuko mgongoni, shimo la kila mtu na mnunuzi wake barabarani. Kwake madini ni kitu cha kuchimba asubuhi na kuuza jioni. Kwamba mtu aliamshwa na sirene, akaingia kazini kwa saa moja na wenzake maelfu, akapimiwa unga na samaki kila juma, mtoto yule hajui, na nani angemwambia?

Tuliwaeleza watoto, na tunaona vema kueleza hapa pia, kwa sababu hata sisi wa miaka thelathini na kitu tulikuta mambo yakianza kuanguka. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, wakati wa Wabelgiji. Mwanzoni ilichukua wanaume peke yao, kutoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Lomami, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Walikuja kwa miezi michache, wengi walikufa kwa magonjwa, wengine walikimbia. Karibu na mwaka 1928 kampani ikabadili mawazo, ikataka mwanaume aje na mke wake, akae miaka, azae hapa. Ndipo wanawake tulipoingia kambini. Zikajengwa nyumba, hospitali, shule za mapadri na masista, na fuaye ambako mama walifundishwa kushona na kufuma. Mtoto alizaliwa kwa kampani, akapimwa kwa kampani, akasoma kwa kampani, na siku moja akaandikwa kazini kwa kampani. Watu wakasema kampani ni baba, kampani ni mama.

Baba huyo alikuwa mkali. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1941, huko Lubumbashi, wafanyakazi waligoma wakidai mshahara kwa sababu vita ilikuwa imepandisha bei ya kila kitu. Askari waliwapiga risasi kwenye kiwanja cha mpira. Katika kikwembe chetu cha picha, mambo hayo hayamo. Kuna harusi, ubatizo, komunio ya kwanza.

Mwaka 1967 kampani ikawa ya serikali, baadaye ikaitwa Gécamines. Mwaka 1986 shaba ilipita tani 470,000. Miaka minane baadaye ilikuwa imebaki karibu tani 30,000. Mgodi wa Kamoto, kule Kolwezi, uliporomoka mwaka 1990, vipuri vilikosekana, nchi yenyewe ilikuwa inayumba. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini katika mpango uliolipiwa fedha na Benki ya Dunia. Mama wengi wanaosoma gazeti hili ni wake au mabinti wa watu hao, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Sasa turudi kwenye picha, maana kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Picha za kambi ni za namna mbili. Kuna zile zilizopigwa na kampani yenyewe. Humo mfanyakazi yuko msafi, mashine inang'aa, mama anampima mtoto mbele ya sista mwenye nguo nyeupe. Picha hizo zilipigwa ili kuonyesha kwamba kampani inafanya vema, na watu waliomo hawana majina, ni "mfanyakazi" na "mama". Kuna mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, mpiga picha anayejulikana sasa duniani. Alichukua wafanyakazi wa picha za zamani za Union Minière akawaweka mbele ya viwanda vya leo vilivyobomoka. Ukiziangalia unaona watu wale wamesimama kama wanaotuuliza kitu.

Namna ya pili ni hizi zetu, za fotografa wa kambini aliyepita Jumapili na mashine yake shingoni, akalipwa nusu leo na nusu siku ya kuleta picha. Humo watu wanajionyesha wenyewe kama walivyotaka waonekane. Nazo pia zinaficha. Katika picha zote zile zilizoletwa, hatukuona hata moja ya mama na jembe. Na tunajua wote kwamba mshahara ulipokuwa haufiki, nyumba zilisimama kwa shamba la mahindi nyuma ya kambi, kwa sombe, kwa makala, kwa mikate iliyouzwa mlangoni, kwa munkoyo. Nani angemlipa fotografa ampige akiwa na matope miguuni? Kwa hiyo nyuma ya picha ya kikwembe kipya tuandike pia: "Mwaka huu mama alilima Kambove, alikuwa anakwenda kwa miguu." Mama mmoja alitwambia maneno hayo hayo juu ya mama yake, akisimama kuondoka, kana kwamba ni jambo dogo.

Tulikuwa tunataka makala hii iishe hapo, pamoja na mashauri ya kutunza picha. Lakini siku ile mkutanoni kulitokea jambo ambalo lazima tuliandike. Mwenyewe ametuambia tuliandike, bila jina.

Wakati wengine wanabishana juu ya mwembe, mama mmoja wa kikundi chetu alikuwa ameketi kando. Hakuleta kitu. Tukamwuliza kwa utani kama picha zake zimeliwa na panya. Akajibu polepole kwamba yeye hana picha hata moja ya kabla ya mwaka 1993. Familia yake asili ni Kasai, ingawa yeye na baba yake wote wawili walizaliwa Likasi. Mwaka 1992, jimbo bado likiitwa Shaba, maneno ya siasa yalipoingia kambini na watu wakaambiwa kwamba njaa yao inatokana na jirani, walifukuzwa nyumbani. Walikaa kwenye gare, nje, pamoja na maelfu ya watu, wakingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo yeye hakuwahi kuiona. Mdogo wake alikufa palepale gare kwa kuhara. Akasema: "Sura yake ninaanza kuisahau. Ninakumbuka shati. Kama ningekuwa na picha moja tu."

Hakuna aliyejibu. Tulikunja kikwembe, kila mtu akachukua picha zake, tukaagana mapema.

Mama yetu mzazi alikuwapo siku ile. Njiani hakusema kitu. Usiku, baada ya chakula, alivuta sanduku chini ya kitanda akatoa bahasha ya kaki. Bahasha hiyo tunaijua tangu utoto. Tumehama nyumba mara nne, vyungu vimepotea, cherehani imeuzwa, bahasha imefika kila mahali. Zamani tukimwuliza, "Mama, ni banani hawa?" alijibu sikuzote: "Ni bale ba mbele ya nyumba. Muache." Na sisi tuliacha.

Ndani kuna picha tisa. Ni za mama jirani aliyekaa ng'ambo ya barabara. Kambini wote walimwita Mama Mapasa kwa sababu ya watoto wake pacha. Yeye ndiye aliyemfundisha mama yetu kufuma, ndiye aliyempeleka hospitali usiku kwa uzazi wa tatu wakati baba alikuwa posti ya usiku. Walichota maji bomba moja. Juma lile la 1992, jioni, alivuka barabara na bahasha hii. Alisema: vitu vingine wakiniibia njiani nitanunua vingine, hivi sitapata tena mahali pa kununua, unichungie. Halafu walikwenda gare.

Tulikuwa mwaka wa kwanza wa shule ya msingi. Tunachokumbuka sisi ni kwamba darasani viti vilianza kubaki vitupu, na mwalimu alisoma orodha ya majina kama kawaida, akanyamaza kidogo kila jina ambalo halikujibiwa, kisha akaendelea. Baada ya siku chache hakuyasoma tena.

Kutoka nyumbani hadi gare ilikuwa mwendo wa nusu saa. Mama Mapasa na watoto wake walikaa pale majuma karibu matatu. Mama yetu hakwenda. Hakupeleka hata bukari, hata maji. Aliyatamka hayo usiku ule, akiwa ameshika bahasha kwa mikono miwili: "Niliogopa. Nilikuwa na ninyi watano, na walikuwa wanaangalia ni nani anapita kule. Kila siku nilisema kesho. Siku moja wakasema treni imeondoka." Hatukujua la kumjibu. Sisi wenyewe ni mama sasa, na tulijiuliza kama sisi tungekwenda. Tungependa kuandika kwamba ndiyo.

Tukazitandaza picha mezani, chini ya taa. Picha ya sita ni ya wale pacha, wachanga, wamelazwa juu ya mkeka mbele ya mlango. Nyuma yao kuna mtoto wa miaka mitatu au minne, kidole mdomoni, amevaa fulana iliyofumwa. Mama akasema bila kuinua macho: "Njo weye." Ndiyo sisi. Mlango ule ni wa kwetu. Picha moja tu ya utoto wetu kabla ya shule, na miaka hii yote ilikuwa katika bahasha ya watu wengine.

Asubuhi yake mama aliomba penseli. Anataja, sisi tunaandika. Majina ya pacha, la baba yao, la shangazi yao aliyekuja kutembea kutoka Kolwezi. Mtu mmoja, kijana mwenye suruali pana, hamkumbuki. Tumeandika "kijana, aliimba vizuri", ndicho alichokumbuka.

Basi na mashauri, kwa kifupi. Tumieni penseli laini, msitumie bic. Wino unapita hadi upande wa pili na baada ya miaka unaonekana usoni mwa mtu. Andikeni pembeni, bila kukandamiza, picha ikiwa imelala juu ya kitu kigumu. Andikeni jina ambalo watu walimwita, si lile la kadi tu, maana hakuna mtu atakayemtafuta Mama Mapasa kwa jina la ubatizo. Mwaka ukiwa haujulikani, andikeni kitu kinachousaidia: kabla ya kuzaliwa kwa mtoto fulani, mwaka wa kuhamia Panda. Msizipeleke kuplastifiwa kwenye vibanda vya fotokopi. Mama mmoja alifanya hivyo na picha ya harusi ya wazazi wake, joto la mashine likaipiga, sasa bwana harusi hana kichwa. Msizigandishe kwa gundi. Ziwe mahali pakavu, mbali na mbabula.

Na telefone? Pigeni picha ya picha, ndiyo, karibu na dirisha, bila mwanga wa telefone, mtumie watoto wawili au watatu wanaoishi mbalimbali. Lakini msitupe ile ya karatasi. Wanafunzi wetu tulipowaambia walete picha ya familia, kumi na mmoja walijibu kwamba zilikuwa katika telefone iliyoibiwa. Karatasi ya mwaka 1958 tunayo mkononi. Za mwaka jana hazipo.

Kuhusu bahasha, tumeamua hivi. Hatutaonyesha picha zile gazetini wala mkutanoni, kwa sababu wenyewe hawajasema ndiyo. Yule mama aliyekaa kando tulimwendea nyumbani kwake, mama yetu na sisi. Mama yetu alimweleza yote, hata yale ya gare. Yule alisikiliza hadi mwisho, akatoa viti nje, akatuletea maji ya kunywa. Hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Na sivyo tulivyoendea. Alisema ana shemeji Mwene-Ditu ambaye anajua familia nyingi zilizoshuka pale na treni za Likasi, atamwuliza kuhusu mama wa pacha na mume aliyefanya kazi Shituru. Kama mko na ndugu Mwene-Ditu, Mbuji-Mayi au Kananga, tunaomba mtusaidie kuuliza. Njooni mtuone, majina tutawapa kwa mdomo.

Mama hataki tutume picha kwa telefone. Anasema alipewa kwa mkono, atarudisha kwa mkono, na kama magoti yatakataa safari, tutakwenda sisi. Tulimwuliza kuhusu ile ya sita, kama tunaweza kubaki nayo, tuwapelekee wao nakala. Alifikiri sana. Akasema hapana, nakala ni yetu.

Mkutano wa picha utaendelea Alhamisi, saa tisa mchana, palepale. Mama mkongwe wa macho mabovu amekubali kurudi, mjukuu wake atamleta na kinga. Njooni na penseli, na anayejua kuandika herufi ndogo akae karibu naye.